Kabla hujamlipa mshauri wa biashara

Wenye maduka na vibanda hapa Malindi, ukitaka mtu wa kukusaidia kupanga biashara, toa kwanza taarifa yako ya M-Pesa ya mwaka mzima. Jumlisha na pesa taslimu za daftarini, andika mauzo ya kila mwezi. Utaona mwenyewe: Agosti na Desemba wageni tele, halafu Aprili hadi Juni masika, hoteli kadhaa zimefungwa, na kodi ya chumba iko pale pale.

Sasa muulize huyo mshauri: "Mwezi wa tano niuze nini, na nimuuzie nani?" Akianza habari za dira na dhamira, mpe chai aende zake. Akitaka kujua wateja wako wa hapa hapa ni kina nani (walimu, bodaboda, watu wa harusi) na mzigo unauchukua wapi, endelea naye. Mwandikiane kazi, umlipe kwa awamu, na awamu ya mwisho isitoke mpaka akukabidhi hesabu ya miezi yote 12. Kurasa zenye picha za rangi si hesabu.

Halafu mamlaka ya serikali ya biashara ndogo, MSEA, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2012, hutoa mafunzo. Kaulizeni huko kwanza.