Kutambua spishi za Candida kwa wagonjwa waliolazwa: usiishie kwenye "si albicans"

Candida ni fangasi wa aina ya chachu, na albicans, krusei, glabrata na auris ni baadhi ya spishi zake. Jibu la "Candida, si albicans" halimsaidii daktari wa ICU (wodi ya wagonjwa mahututi). Krusei haisikii flukonazoli, dawa ya fangasi, kabisa, glabrata huisikia kwa shida, na auris, ambayo nchini Kenya imeshaonekana kwenye damu ya wagonjwa, huenea kutoka kitanda hadi kitanda.

Hatua ya 1: Chupa ya damu ikionyesha ukuaji. Piga rangi ya Gram. Ukiona chembe za zambarau zenye umbo la yai na vichipukizi, kubwa kuliko bakteria, pigia wodi simu papo hapo. Otesha kwenye Sabouraud (chakula cha kuoteshea fangasi) yenye kloramfenikoli ya kuzuia bakteria, na kwenye CHROMagar (chakula kinachozipa spishi rangi tofauti), 35–37 °C.

Hatua ya 2: Jemu tyubu, yaani mrija mwembamba ambao chembe ya albicans huutoa ikiwa ndani ya seramu (majimaji ya damu). Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Weka seramu ml 0.5 kwenye tyubu, iache ipate joto, kisha gusa koloni moja ya saa 24–48 na uichanganye. Seramu iwe na ukungu hafifu tu. Ukijaza chembe kama uji, mirija haitoki hata kwa albicans. Weka 37 °C kwa saa 2 hadi 3, weka tone kwenye slaidi, funika, tazama kwa lenzi ya 40.

Mrija wa kweli hauna kiuno pale unapotokea kwenye chembe. Kuta zake mbili huenda sambamba tangu mwanzo. Ukiona pamebanwa, huo si mrija wa kweli; huenda ni tropicalis, nayo hudanganya zaidi ukipitisha saa 3. Weka saa ya kengele. Kila siku pima pia albicans na tropicalis unazozijua. Bila hizo, usitoe jibu. Kwa seramu, chukua ya ndama na uigandishe kwa vipimo vya ml 0.5. Ya binadamu iliyochangwa maabara huweza kubeba virusi, na nguvu yake hubadilika kila mara.

Dubliniensis, spishi nyingine ya Candida, nayo hutoa mrija. Oteshea 45 °C: albicans huota, dubliniensis haioti.

Hatua ya 3: Rangi kwenye CHROMagar. Soma baada ya saa 48. Kijani ni albicans au dubliniensis, buluu ni tropicalis, pinki kavu yenye kingo za manyoya ni krusei. Krimu au zambarau hafifu usiipe jina kwa macho.

Hatua ya 4: Hiyo krimu isiyo na mrija. Oteshea 42 °C. Auris huota, haemulonii (spishi inayofanana nayo) haioti, lakini glabrata nayo huweza kuota, kwa hiyo joto pekee halithibitishi. VITEK 2 (mashine ya kutambua vijidudu) yenye programu ya zamani ikitaja haemulonii, au API 20C (kifaa cha kutambua chachu) ikitaja Rhodotorula glutinis, chachu nyekundu, wakati koloni si nyekundu, ichukulie kuwa auris mpaka MALDI-TOF (mashine inayotambua vijidudu kwa protini zao) yenye maktaba mpya ikanushe. Mjulishe mtu wa kudhibiti maambukizi kabla jibu halijarudi, na meza uifute kwa klorini. Dawa za kusafishia za amonia kwateneri haziiui auris ipasavyo.