Ukiambiwa Umebagua: Namna ya Kusikiliza, Kupima Athari na Kutoa Nafasi kwa Haki

Mwongozo huu nimewaandikia watu wenye funguo za mlango wa mtu mwengine hapa Zanzibar: msimamizi wa hoteli anayeajiri, mwalimu mkuu anayegawa nafasi za masomo, mwenye nyumba anayepangisha, mjumbe wa kamati anayepitisha majina. Mtu wa namna hii, akikaa muda mrefu katika nafasi yake, siku moja ataambiwa usoni kwamba amebagua, na mara nyingi ataambiwa hivyo siku ambayo hakukusudia lolote. Mimi niliambiwa.

Ilikuwa katika usaili wa wafanyakazi wa mapokezi, katika hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja ambayo sitaitaja. Aliingia msichana mweusi wa rangi, ameshika bahasha ya kaki yenye vyeti vyake, akatuamkia, akakaa. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe wa wapi?" Akajibu, "Kwamtipura." Nikasema, "La, nakusudia asili yenu, wazee." Akanyamaza kidogo, akaigeuza ile bahasha mapajani, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mzee wangu. Yule kaka aliyetoka sasa hivi, naye mmemwuliza asili yake?" Yule kaka alikuwa kijana wa Malindi, hapa hapa mjini Unguja, mweupe, nywele za singa. Hatukumwuliza. Badala ya kukiri, nilitoa jibu ambalo nikilikumbuka hadi leo naona haya: "Mimi sina ubaguzi, mwanangu, mke wangu mwenyewe bibi yake ni Mnyamwezi."

Kwetu sisi, kumwuliza mtu kwao wapi na yeye ni mtoto wa nani ni swali la mapenzi. Barazani swali hilo hutafuta ujamaa, na pengine hugundulika kwamba bibi zenu walisoma chuo kimoja. Likiulizwa na mtu aliyeshika kalamu ya kuajiri linageuka chekeche, hata kama sauti ni ile ile na tabasamu ni lile lile, kwa sababu anayeulizwa anahitaji kitu kutoka kwa anayeuliza, na kwa sababu kuna mwengine aliyepita bila ya kuulizwa.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ukiambiwa umebagua ni kuiweka nia yako pembeni kwa muda. Najua hili ni gumu katika nchi ambayo kila mtoto wa madrasa amehifadhi kwamba amali huzingatiwa kwa nia. Lakini hadithi hiyo inazungumzia hesabu ya mja na Mola wake. Haikusemwa ili mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake aendelee kusimama juu yake huku akieleza kwamba hakukusudia. Tena tunacho kisa cha Abu Dharr, sahaba mkubwa, aliyemtukana mtu kwa kumtajia asili ya mama yake, na Mtume akamwambia kwamba ndani yake bado mna ujahilia, yaani tabia za zama za kabla ya Uislamu. Hakutolewa katika kundi la watu wema. Alionyeshwa kilichomo ndani ya neno lake, na ndiyo maana kisa hiki kinanifaa kuliko mawaidha mengi, kwani kinaruhusu mtu kuwa mwema na kuwa amekosea kwa wakati mmoja.

Sheria nazo zimeelekea huko huko. Kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakataza ubaguzi, na Mkataba Namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unautafsiri ubaguzi katika ajira kuwa ni tafauti, utengaji au upendeleo wowote wa rangi, jinsia, dini, maoni ya kisiasa au asili ya mtu, ambao athari yake ni kuondoa au kupunguza usawa wa nafasi. Neno la kushika hapo ni athari. Mwenye kulalamika halazimiki kuupasua moyo wako aonyeshe chuki. Inatosha kuonyesha kwamba mlango ulimfungikia kwa sababu isiyohusiana na kazi.

Ukishanyamaza, sikiliza hadi mwisho, halafu uliza swali moja tu: "Nilisema nini, au nilifanya nini, hasa?" Usiulize "Kwa nini unafikiri hivyo?", kwa sababu swali hilo linamrudishia yeye kesi. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kisha jiulize mwenyewe mambo matatu, na usiyachanganye: tendo lilikuwa lipi, lilimgusa vipi, na je, lilibadilisha chochote katika haki yake, kama vile alama, zamu, mshahara au chumba? Mtu anaweza kuumizwa na neno ambalo halikumpunguzia kitu, na hapo dawa ni radhi. Anaweza pia kupokonywa haki kwa maneno matamu kabisa, na hapo radhi peke yake ni dhihaka.

Radhi nayo ina namna yake. "Samahani kama umeudhika" si radhi, maana inaliacha kosa kwenye ngozi ya mwenzako, kana kwamba tatizo ni wepesi wake wa kuudhika. Sema tendo: "Nimekuuliza swali ambalo sikumwuliza mwenzako, na halikuhusu kazi hii. Nisamehe. Nalifuta, na hatutalitia katika alama zako." Hayo ndiyo maneno niliyopaswa kumwambia yule msichana pale pale, lakini nilimwambia baada ya siku mbili, kwa simu, yakiwa yamepoa. Na usimtajie watu weusi wa ukoo wenu. Hakuna aliyeuliza habari zao.

Watu wengi hukimbilia kusema "ulikuwa utani." Utani ni mali yetu, na sina haja ya kuupiga vita: mtu wa Pemba na mtu wa Unguja hutaniana, na mtu wa mjini akimtania wa shamba hurudishiwa kwa riba. Kipimo changu ni huko kurudishiwa. Utani ni wa watu wanaoweza kujibizana. Msimamizi akisema "nyinyi Wapemba" mbele ya jiko zima huku ameshika karatasi ya zamu, mpishi kutoka Wete atacheka, na kicheko cha mfanyakazi mbele ya anayempangia zamu hakithibitishi kitu. Kuna na majina ambayo hayafai hata kati ya walio sawa, kwa sababu yamebeba historia nzito kuliko ulimi unaoyatamka. Golo limetoka katika utumwa. Chogo ni la kumdunisha mtu wa bara. Hizbu lilikuwa jina la chama cha siasa, ZNP, na baada ya Mapinduzi ya 1964 likawa jina la kumtilia mtu shaka. Mtu aliyezaliwa Kikwajuni, hapa mjini, akaitwa Mzanzibara, yaani Mzanzibari wa asili ya bara, anaambiwa kwamba nusu yake imekodishwa. Anayeyatumia majina hayo kazini aonywe kwa maandishi, awe mkubwa au mdogo.

Hapa sina budi kusema na upande wa pili: si kila anayekosa amebaguliwa. Mkataba ule ule wa 1958 unasema kwamba sifa zinazohitajika na kazi yenyewe hazihesabiwi ubaguzi. Asiye na leseni hawezi kuajiriwa udereva, na kumwambia hivyo si kumdhulumu. Namna ya kupima ni kutafuta mtu wa pili aliyekuwa katika hali kama yake, mwenye cheti kile kile na uzoefu ule ule, ukaangalia yeye alitendewaje. Ukikosa kumbukumbu za kukuwezesha kulinganisha, kosa ni lako wewe mwenye afisi, kwa kuwa uliamua mambo ya watu bila ya kuandika.

Sasa tuje kwenye nafasi zenyewe, ambako madhara makubwa hufanyika bila ya mtu kusema neno baya hata moja. Wazee wetu walikuwa na kadi za mgao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Serikali ya kikoloni iligawa chakula kwa kabila lililoandikwa, hoja yake ikiwa kila kundi lipate chakula lilichokizoea. Matokeo yake mchele ukafuata jina, na watu wakaanza kupigania waandikwe nani. Hoja hiyo kwenye karatasi haina chuki yoyote. Angalia basi kanuni zako kwa jicho hilo hilo. Tangazo linalotaka "mwenye sura nzuri" kwa kazi ya mapokezi linaajiri rangi, hata kama aliyeliandika aliwaza usafi. Andika "nadhifu" ikiwa unadhifu ndio unaoutaka. Kumtaka mtunza bustani awe na Kiingereza fasaha kunamwondoa mwanakijiji wa hapo hapo penye hoteli. Kuajiri kwa kupeana habari jikoni na msikitini kunajaza hoteli watu wa ukoo mmoja, na kila mmoja wao ataapa kwamba hakumzuia mtu.

Usaili unaofanyika Mjini tu nao una ubaguzi wake wa kimya. Mwombaji wa Micheweni, kule Pemba, hulipa gari, boti na pa kulala, akaingia mbele yenu na usingizi wa baharini, wakati wa Mwanakwerekwe ametoka kwao baada ya chai. Fanyeni siku moja Chake Chake, au muwasaili wote kwa simu. Tangazo libandikwe kwenye afisi za masheha, yaani viongozi wa shehia, na kwenye skuli, visiwani kote, kwa siku za kutosha barua kufika.

Kabla ya kufungua bahasha hata moja, jopo liandike sifa za kazi na maswali, na kila mwombaji aulizwe maswali hayo hayo kwa mpangilio huo huo. Kila mjumbe atie alama peke yake kabla ya kuzungumza, kwa sababu mkubwa wa jopo akishasema "huyu kijana simwelewi," vijana wengine wote katika jopo nao hawatamwelewa. Chungeni pia masikio yenu. Kiunguja cha mjini kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo sisi watu wa mjini tunajiona kama tumezaliwa na kamusi mdomoni. Lafudhi ya Kipemba, ya Kimakunduchi au ya bara isimpunguzie mtu alama, maadamu mgeni atamwelewa. Mara ya kwanza tulipotumia utaratibu huu, alama za wajumbe wawili kwa mwombaji mmoja zilipishana sana, na kubishana kwetu juu ya karatasi kulichukua saa nzima. Saa hiyo haikupotea.

Kwa aliyebaguliwa nina machache. Taja tendo, siku na maneno yaliyosemwa, kabla ya kumtaja mtu kwa sifa. "Ulimwacha kaka yule bila ya kumwuliza" ni maneno yasiyoruka ukutani, ilhali "wewe mbaguzi" humfanya hata mwenye makosa ajihisi ameonewa. Peleka kwanza kwa msimamizi, kwa maandishi, ubaki na nakala. Likikwama, Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, inakataza ubaguzi kazini, na malalamiko hupokelewa na Kamisheni ya Kazi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inafanya kazi Zanzibar. Kwa mwajiri, karatasi za alama, maswali na majibu ya kila usaili zihifadhiwe katika jalada lenye tarehe, na mwombaji aliyekosa akiomba kujua alipopungukiwa, aonyeshwe alama zake mwenyewe bila ya kuombwa arudi kesho.