Somo: Likizo ya Desemba Kisumu, kuwavisha na kuwachezesha watoto kwa kufuata kivuli

Muhula wa tatu ukifungwa, wajukuu wanne huletwa kwangu Kisumu, mkubwa ana miaka saba na mdogo ana miwili. Kazi yangu ni ushonaji, na nguo za watoto ndizo nimezishona zaidi maishani. Hata hivyo, likizo ya kwanza nilikosea. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa analia kila alasiri, anagombana na wenzake, hataki kushikwa. Nikadhani ni deko. Siku ya nne nilipomvua gauni ili nimwogeshe, nikakuta mgongo umejaa vipele vya joto. Gauni lile nililishona mwenyewe: satini, lenye bitana ya nailoni. Mtoto hakuwa na tabia mbaya, alikuwa anaiva ndani ya nguo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipanga likizo kwa kivuli: mtoto acheze mahali kivuli kilipo na avae kulingana na saa. Mambo ya vichezeo yanafuata baadaye.

HATUA YA KWANZA: Kijue kivuli cha nyumba yako

Chukua siku moja, utoke nje saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi, uangalie kivuli kimeangukia wapi. Asubuhi kitakuwa upande wa magharibi wa nyumba, alasiri upande wa mashariki. Saa sita wengi hudhani hakuna kivuli kabisa. Kisumu iko karibu sana na ikweta, na mwezi wa Desemba jua huwa limeelemea kusini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini huacha utepe mwembamba wa kivuli hata adhuhuri. Hapo ndipo pa kutandika mkeka.

Kama nyumba ni ya mabati na haina dari, kati ya saa saba na saa kumi ndani huwa na joto kuliko chini ya mwembe. Usiwafungie watoto humo ukidhani umewaepusha na jua. Fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili upepo wa ziwani upite. Upepo huo huanza kuvuma kuelekea mjini mchana, nchi kavu inapopata joto kuliko maji.

HATUA YA PILI: Chagua kitambaa, usichague pambo

Pamba hunywa jasho na kuliachilia likauke. Nailoni na poliesta hulibakiza kwenye ngozi. Lebo za mtumba mara nyingi zimekatwa au zimefutika, basi jaribu hivi: dondoshea kitambaa tone la maji. Likizama na kusambaa upesi, kuna matumaini ni pamba. Likibaki juu kama shanga, rudisha. Nyumbani unaweza kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo ukauchoma, watoto wakiwa mbali. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kidonge kigumu.

Ukienda soko la Kibuye Jumapili, fika mapema wakati beli za mtumba zinafunguliwa. Si lazima ununue kamera, yaani zile za daraja la kwanza. Kwa nguo za kuchezea, hata zile za mwisho za kufagia zinafaa mradi ni pamba na mishono yake haikwaruzi. Pitisha kidole ndani ya shingo na kwapa kabla hujalipa. Mimi huwatafutia vesti zilizofuliwa mpaka zikalainika, kwa sababu pamba kuukuu ni rafiki wa ngozi ya mtoto kuliko mpya yenye wanga.

HATUA YA TATU: Shona mbili tatu mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi yangu.

Gauni la leso. Hakikisha leso ni ya pamba, siku hizi nyingine ni poliesta tupu. Pima kifua cha mtoto kwa futikamba, uongeze nusu yake: kifua cha sentimita 52 kinataka kitambaa cha upana wa 78. Urefu ni kutoka kwapani hadi gotini, ongeza sentimita 6 za mapindo. Unga upande mmoja, kunja juu sentimita 2, pitisha lastiki, weka kamba mbili za mabegani. Lastiki ikishafungwa, vidole vyako viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Ikiacha alama kifuani, imebana. Bitana usiweke. Shuka la pamba lililochakaa katikati nalo linafaa, kata kwenye kingo ambazo bado ni nzima.

Kaptula ya mikono ya shati. Hii inafaa kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Chukua shati kubwa la pamba la mwanamume, kata mikono yote miwili begani. Kila mkono ni mguu mmoja wa kaptula. Fumua mshono wa chini ya mkono kuanzia juu, karibu sentimita 15, kisha unganisha mikono miwili pale ulipofumua, mbele na nyuma. Juu pitisha lastiki, chini kata kwa urefu unaoutaka upinde. Shati lililobaki lina mgongo mpana unaotosha vesti.

Kofia iwe na ukingo unaozunguka kote. Kofia ya ukingo wa mbele peke yake huacha masikio na shingo juani. Miguuni sandali zenye mkanda wa nyuma ni bora kuliko patipati kwa mtoto anayekimbia. Peku asubuhi kwenye nyasi ni raha yake, ila saa saba mchanga na saruji huunguza nyayo, na mtoto mdogo hukimbia kwanza ndipo alie.

HATUA YA NNE: Panga michezo kwa saa

Saa mbili hadi saa nne asubuhi ni muda wa mbio. Brikicho, kati, blada, kuruka kamba. Mpira tunafuma kwa vitambaa na kamba za katani. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kusema kweli mpira wa matambara haumuumizi mtoto ukimgonga usoni.

Saa nne hadi saa tisa, kivulini. Muda huu una michezo yake ya kukaa. Chimbeni mashimo ya ajua, yaani bao, kwenye udongo, safu mbili, mcheze kwa kokoto. Hata asiyejua sheria atajifunza kuhesabu kwa kugawa. Wenye miaka chini ya mitatu wasipewe mbegu wala bano (gololi), kwa kuwa huishia mdomoni na zinaweza kuwasakama. Wao wape udongo mweusi wa huku kwetu, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua. Ukikandwa na maji kidogo unafinyangika vizuri sana. Wajukuu wangu hufinyanga ng'ombe, wakaanika mstari mzima ukutani, na jioni wanabishana nani ana boma kubwa. Kwa mchezo huu wavae nguo iliyokwisha kazi, na usiwagombeze kwa kuchafuka.

Kisha walale. Mtoto wa miaka mitatu anayekataa usingizi wa mchana nyakati za joto atakutesa jioni. Mimi hulala nao mkekani, nikitega vitendawili kwa sauti ya chini. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia mibani: nanasi. Kabla ya cha tano, wawili wameshalala.

Maji ya beseni ni baada ya saa tisa. Beseni moja, vikombe vya kumiminia, kichungi cha chai, basi. Maji yakiisha kuchezewa yaende kwenye sukuma wiki. Ila nakusihi usimwache mtoto na beseni hata ukiitwa mlangoni, wala ndoo usiiache na maji. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha mtoto wa mwaka mmoja, na huzama bila kelele.

Wingu jeusi likipanda alasiri, wote waingie ndani mara moja. Radi za ukanda huu wa ziwa si za kuchezewa, na chini ya mti si mahali pa kusubiri mvua ipite.

HATUA YA TANO: Kinywaji kabla ya kiu

Mtoto anayecheza hasemi ana kiu. Mpe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa kila baada ya mchezo mmoja. Uji mwepesi uliopoa, machungwa, tikitimaji na maembe vinasaidia. Soda usiitegemee. Mkojo ukiwa mchache na wa manjano iliyokolea, amechelewa kunywa.

HATUA YA SITA: Badilisha nguo kabla giza halijaingia

Hili linasahaulika. Mbu wa malaria huuma kuanzia jua linapotua hadi alfajiri, na hii ni nchi ya malaria. Saa kumi na mbili kasoro, waoge, wavae suruali na mikono mirefu, za pamba nyepesi na pana. Usiku walale ndani ya neti yenye dawa, hata kama wanalalamika joto. Chini ya neti vesti na chupi vinatosha.

Matembezi, kwa kifupi

Jumba la makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa 1980, lina boma la Kiluo la kuingia na kutazama, nyoka na makobe. Hifadhi ya Impala iliyo kando ya ziwa, iliyoanzishwa 1992, ni ndogo, miguu ya mtoto inaimaliza. Dunga kuna njia ya mbao inayopita katikati ya mafunjo. Kote huko nenda asubuhi, urudi kabla ya saa tano. Majini wasiingie. Kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozi, hasa saa za jua kali ambazo watoto ndizo huzipenda. Viboko nao wapo.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama wa mtoto wa miezi minne, Nyalenda: Nyanya, shikamoo. Mama mkwe anamvika mtoto sweta, kofia ya sufi na soksi mchana kutwa, anasema upepo wa ziwa utamwingia. Nimpe maji angalau?

Marahaba mwanangu. Maji usimpe. Hadi miezi sita maziwa yako yanamtosha, hata siku ya joto, ila mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Juani asikae, abaki kivulini. Kuhusu mama mkwe, usibishane naye kwa maneno. Mwombe aingize mkono nyuma ya shingo ya mtoto, siyo viganjani, kwa kuwa viganja vya mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa na joto. Shingo ikiwa na jasho, yeye mwenyewe atalivua lile sweta. Mama mkwe wangu alilivua.

Baba wa watoto wawili, Nakuru: Tunakuja Kisumu kwa shangazi yao wiki mbili. Tufunge nini?

Baba watoto, mmezoea mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, mnashuka hadi karibu 1,130. Jaketi ziacheni. Kila mmoja awe na sweta moja ya asubuhi, kaptula tatu, vesti nne, kofia na nguo ndefu mbili za jioni. Siku mbili za kwanza wasikimbizwe sana mchana, miili ipate kuzoea. Na kabla hamjatoka, muulize shangazi kama neti zinatosha.

Mama, Manyatta: Vipele vimeshatoka shingoni na mgongoni. Nipake poda?

Usipake poda, na mafuta mazito yaache pia, yanaziba vinyweleo. Mwogeshe maji ya kawaida mara mbili au tatu kwa siku, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, akae na vesti pana au bila nguo kabisa kivulini. Mkate kucha. Vipele hupungua kwa siku chache. Vikitoa usaha au mtoto akipata homa, nenda kituo cha afya. Homa huku lazima ipimwe malaria, usiseme tu ni joto.

Mama, Siaya: Binti yangu alimaliza chanjo zote nne za malaria, ya mwisho akiwa na miaka miwili. Bado neti na nguo ndefu?

Ndiyo, bado. Chanjo ile, iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 huko Homa Bay, hupunguza malaria, haiizuii kabisa. Umefanya vizuri kumpeleka mara zote nne, wengi huishia ya tatu.

Mlezi, Kakamega: Ninaye mtoto mwenye ualbino, miaka mitano. Anataka kucheza na wenzake.

Acheze, tena sana. Yeye kivuli kwake ni lazima. Mikono mirefu na suruali ndefu za pamba iliyofumwa kwa kubana: nyanyua kitambaa juani, ukiona mwanga mwingi unapita hakimfai. Ukingo wa kofia uwe mpana kama kiganja, na miwani ya jua. Mafuta ya kukinga jua apakwe kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili. Uliza ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu katika kaunti yako, lina mpango wa kuyatoa bila malipo. Michezo ya mbio wahamishie wote asubuhi mapema na jioni, asionekane ni yeye peke yake anayezuiwa.

Mama, Kisumu: Nimechelewa kusoma. Wangu ameshaoga ziwani karibu wiki nzima na binamu zake. Nifanye nini?

Usimchape, binti yangu, alikuwa anatafuta ubaridi. Akiwashwa ngozi au akipata homa na kikohozi wiki chache zijazo, mpeleke haraka umwambie daktari kwamba aliogelea ziwani. Asipoonyesha dalili yoyote, mpeleke hata hivyo baada ya miezi miwili apimwe choo na mkojo, kwa sababu mapema zaidi mayai ya kichocho huwa bado hayajaonekana. Dawa ipo na inatibu. Wapeleke na hao binamu. Na beseni la maji liwepo uani kila alasiri kuanzia kesho.