Lasix: saa ya kuimeza, mizani, na kinachotoka pamoja na mkojo

Furosemaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Lasix, huzifanya figo ziachie chumvi iende kwenye mkojo, na chumvi hiyo huondoka na maji. Huandikiwa mtu ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri, ini limeharibika na tumbo limejaa maji, au figo zimechoka na miguu imevimba. Kidonge cha kawaida ni cha miligramu 40. Huanza kazi ndani ya saa moja, na nguvu yake huisha baada ya saa 6 hadi 8.

Kwa hesabu hiyo, dozi ya mara moja kwa siku imezwe asubuhi, saa 1 au saa 2. Kama umeandikiwa mara mbili, ya pili iwe saa 8 mchana. Ukiisogeza hadi jioni utakesha chooni, na mzee anayeinuka gizani akiwa na kizunguzungu huanguka. Siku ya safari ya basi wengi huiruka kabisa. Afadhali uimeze ukishafika, mradi usiku haujaingia. Ukiisahau hadi jioni, iache, na kesho usimeze mbili kufidia. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwa sababu dawa hii ikimezwa wakati wa daku hukausha mwili saa zile zile ambazo huwezi kunywa maji.

Kama dawa inafanya kazi au la, iulize mizani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, ukiwa na nguo nyepesi, kisha andika kwenye daftari. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kilo 2 zilizoongezeka ndani ya siku 3 si ugali. Nenda kliniki kabla hujaanza kulalia mito mitatu ndipo upumue. Uzito ukiporomoka, mdomo ukakauka na mkojo ukawa mchache wenye rangi nzito, huenda dozi imezidi. (Wanaoimeza ili wapungue mwili wanapoteza maji tu, mafuta yanabaki palepale.)

Dawa ikionekana imegoma, anza kuchunguza jikoni. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa pamoja na ile ya ng'onda na ya viungo vya mchuzi vya kiwandani. Magadi ya kulainishia maharage nayo yana sodiamu, ile ile iliyo kwenye chumvi, ingawa hakuna anayeyahesabu. Kisha tazama dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni huzuia maji mwilini, na zikikutana na Lasix pamoja na dawa za presha kama losatani au enalaprili zinaweza kuziangusha figo. Parasetamoli ni afadhali. Wakati mwingine utumbo wenyewe umevimba na haufyonzi kidonge, ndipo daktari huhamia kwenye sindano. Uvimbe wa vifundo ulioletwa na amlodipini, dawa nyingine ya presha, ni jambo jingine: hautoki vizuri kwa Lasix, na cha kubadilisha hapo ni hiyo amlodipini.

Maji hayatoki peke yake. Huenda na madini: potasiamu, sodiamu na magnesiamu. Potasiamu ikishuka misuli hubana, mwili hulegea na moyo hudunda ovyo, hatari ambayo ni kubwa zaidi kwa anayetumia digoksini, dawa ya moyo. Ndizi, madafu na parachichi husaidia, lakini usijiongezee kabla ya kupima damu kama figo zako ni mbovu au unatumia spironolaktoni (dawa nyingine ya kukojosha, inayobakiza potasiamu) au losatani, maana hapo potasiamu huweza kupanda kupita kiasi. Kipimo cha damu cha figo na madini kifanywe wiki 1 hadi 2 baada ya kuanza dawa au kubadili dozi.

Kidole gumba cha mguu kikivimba na kuwaka moto, shuku gauti, ugonjwa wa viungo ambao dawa hii inaweza kuuamsha. Sukari nayo inaweza kupanda. Masikio kuvuma hutokea zaidi kwa sindano iliyosukumwa haraka (isizidi miligramu 4 kwa dakika), hasa mgonjwa akiwa pia kwenye antibiotiki ya gentamaisini. Toa taarifa mara moja.

Ukishikwa na kuhara au kutapika, piga simu kliniki siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza dozi inayofuata. Mara nyingi utaambiwa uisimamishe mpaka uweze kula na kunywa tena.