Mtoto mwenye ualbino na jua: nguo kwanza, mafuta baadaye

Ukikaa na mzazi wa mtoto mwenye ualbino swali la kwanza ni mafuta ya kuzuia jua, yanapatikana wapi, bei gani, afu mtoto mwenyewe yuko nje saa saba mchana kavaa singlendi na kapelo. Tuanze na nguo jamani.

Ngozi nyeusi ina melanini (rangi asilia ya ngozi) ya kutosha, ndo inayonyonya sehemu kubwa ya mionzi ya jua kabla haijaleta madhara ndani. Mtoto mwenye ualbino hana au anayo kidogo sana, kwahiyo anaungua haraka, na hata wekundu ukiisha yale madhara hayajaisha, yanajumlishwa mwaka hadi mwaka mpaka unakuta kijana wa miaka ishirini na kitu tayari ana saratani ya ngozi.

Kofia iwe pama, ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo nje na huko ndo vidonda vingi vinapoanzia. Mikono mirefu, suruali au sketi ndefu. Kabla hujanunua kitambaa kiinue kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya kirahisi basi na jua litapenya, kiache. Shuleni nenda kaongee na mwalimu mkuu mapema, aruhusiwe kofia mstarini na sare ya mikono mirefu, asipangiwe kufyeka majani mchana, darasani akae mbele maana wengi macho hayaoni mbali, ila sio dirishani, kioo kinapitisha UVA, aina mojawapo ya mionzi ya jua inayodhuru ngozi.

Jua baya ni saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mtoto hana saa? Mfundishe aangalie kivuli chake, kikiwa kifupi kuliko yeye aingie ndani au chini ya mti. Mawingu yasikudanganye, na watu wa Njombe na Mbeya baridi isiwadanganye kabisa, kila ukipanda mita 1,000 mionzi inaongezeka kama asilimia 10 hivi.

Sasa mafuta. SPF (kipimo cha kinga ya jua kilichoandikwa kwenye chupa) iwe 30 kwenda juu, na yawe yanazuia UVA na UVB, ile mionzi ya jua inayounguza ngozi. Hiyo 30 inazuia karibu asilimia 97 ya UVB lakini ukipaka ya kutosha, sio kupangusa tu. Jaza urefu wa vidole viwili kwa uso na shingo, usisahau masikio, kisogo na mgongo wa viganja, dakika 20 kabla ya kutoka na urudie kila masaa mawili. Angalia tarehe ya kuisha. Vaselini na mafuta ya nazi hayazuii jua, hata muuzaji aseme nini. Kuna Kilisun, mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC mahususi kwa watu wenye ualbino, ulizia kliniki ya ngozi usikimbilie kununua.

Kila mwezi mkague kwenye mwanga mzuri, uso, midomo, masikio, shingo, mikono. Ukigusa sehemu inakwaruza kama msasa, au kuna kidonda kimemaliza mwezi hakijapona, mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, usisubiri mpaka kianze kuuma. Yale magamba ya mwanzo yanayokwaruza wanayagandisha kwa naitrojeni, gesi iliyopozwa sana mpaka ikawa kimiminika, ni kazi ya dakika chache na mnarudi nyumbani siku hiyo.