Kuisaka "alikuwaga" kwa kompyuta: kopasi yako ya kwanza

Ukikaa kidogo soko la Mwanjelwa, Mbeya, utaisikia: "alikuwaga anauza mchele", "mimi naendaga Uyole", "huyo hasemagi". Kuna wanaoiona -ga hii ya mazoea kuwa lafudhi ya watu wa Nyanda za Juu Kusini, na kuna wanaoapa kwamba siku hizi ni ya nchi nzima. Ubishi huo unahitaji kopasi (wengine huiita kongoo), yaani mkusanyo wa matini halisi unaosakwa kwa kompyuta.

Hatua ya 1: swali. Mfano, ni nani wanaitumia -ga, na kwenye vitenzi gani? Swali ndilo litakalokuambia urekodi akina nani.

Hatua ya 2: kurekodi na kunukuu. Omba ruhusa kwanza, na majina ya watu yabadilishe. Kisha andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Walimu wa Kiswahili, kalamu nyekundu iwekeni kabatini: mtu akisema "tulikuwaga" nawe ukaandika "tulikuwa", umeshafuta ulichokuja kukitafuta. Kila mazungumzo yawe faili la maandishi matupu, lililohifadhiwa kwa UTF-8 (mfumo wa kawaida wa kuhifadhi herufi), lenye jina linaloeleza mahali, jinsia na umri: uyole_ke_40.txt. Kopasi ya Brown, ya Kiingereza cha Marekani, ya mwaka 1964, ilikuwa na maneno milioni moja. Wewe anza na elfu kumi.

Hatua ya 3: kusaka. Pakua AntConc, programu ya bure ya Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Fungua mafaili, nenda KWIC (hapo kila neno linaonekana katika mstari wake, na maneno ya jirani kushoto na kulia), andika *ga. Nyota ni herufi zozote, kwa hiyo zitamiminika mboga, unga, piga, mpaka kuoga. Jaribu *aga: hizo zinaondoka, ila mwaga na kuaga zinabaki. Ukibana zaidi kwa *waga, "naendaga" inakuponyoka. Baki na *aga, takataka zichambue kwa macho. Hakuna njia ya mkato. Vitenzi vinavyoishia na i, kama rudi, visake kwa *iga, na vikanushi kwa *agi. Sasa panga mistari kwa neno la kushoto, uisome yote. Je, "zamani" au "huwa" zinajirudia hapo? Kazi yenyewe ndiyo hii.

Hatua ya 4: kulinganisha. Gawanya idadi uliyopata kwa maneno yote, zidisha kwa 10,000. Tuseme wazee wana -ga 36 katika maneno 12,000, vijana 40 katika 20,000: ni 30 kwa 20, wazee wako juu. Ukitaka Kiswahili cha maandishi, ipo Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye magazeti na vitabu.

Kabla hujatangaza matokeo, fungua Plot uone -ga zimetoka mafaili mangapi. Muuza viazi mmoja mwenye maneno mengi anaweza kukujazia nusu ya mistari peke yake.