Vijidudu vyekundu kwenye simtanki: namna ya kuwamaliza

Mdudu mwekundu, mwembamba kama uzi, anayejipinda kama namba 8 kwenye beseni, si mnyoo wa tumboni. Ni kiluwiluwi wa usubi asiyeuma, yule anayefanana na mbu na kurundikana kwenye taa za barazani. Wekundu wake ni himoglobini, ndiyo inayomwezesha kuishi kwenye tope lisilo na hewa.

Wengi humwaga Jik na kungoja. Klorini ya kiasi cha maji ya kunywa haimuui, maana amejificha kwenye kijumba alichokijenga kwa tope hilohilo. Anza na tope.

Funga maji yanayoingia, kisha toa yaliyomo. Bomba la kutolea huwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, kwa hiyo mashapo hubaki: yachote kwa kopo, malizia na sponji. Sugua kuta kwa brashi ya plastiki. Ya chuma huacha mikwaruzo inayoshika utelezi. Kaza mkono kwenye mstari wa maji, mayai hubandikwa hapo ndani ya ute mzito. Suuza, mwaga.

Sasa ndiyo klorini. Jaza maji tena, na kwa kila lita 1,000 weka lita 1.5 za Jik ya asilimia 3.5, fungua kila koki mpaka unuse harufu, funga, acha usiku kucha, mwaga yote. Usichanganye na dawa ya choo yenye asidi: mvuke wake unaua.

Ziba mfuniko, tundu la hewa na bomba la kupunguzia maji yanayofurika (hili husahaulika kila mara). Usubi wadogo hupenya chandarua; tumia soksi ndefu ya nailoni, mikunjo miwili.

Kwa joto la Dar, yai huweza kuwa usubi ndani ya wiki mbili au tatu. Kwenye maji baridi ya Uingereza huchukua miezi. Ndiyo maana ratiba ya kuosha vichujio vya mchanga kwenye mitambo ya kusafisha maji haiwezi kunakiliwa kutoka huko. Yupo pia usubi wa aina ya Paratanytarsus grimmii, ambaye jike huzaa bila dume, hata ndani ya mabomba yaliyofungwa. Huyo hazuiwi na soksi ya mfuniko.

Wakirudi kabla ya wiki moja, funga soksi safi kwenye mdomo wa bomba linaloingiza maji kwa saa 24. Ukiwakuta humo, chanzo si tangi lako. Wapelekee mamlaka ya maji soksi hiyo kwenye chupa.